Mgongo wa saidia fundi: kupanga saiti ili mwanagenzi asiumie misuli na viungo

Anayeumia mgongo saitini mara nyingi si fundi, ni saidia fundi. Ndiye anayeshusha saruji, anayesogeza matofali, anayekoroga mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji wa kujengea) na kuipandisha, na katika watu wote waliopo ndiye asiyethubutu kusema "mzigo huu ni mzito". Ni mgeni, anataka aonekane ana nguvu, na akilalamika anaambiwa kazi ya ufundi haimfai. Misuli yake hukua ndani ya wiki chache, lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, huchukua miezi kuzoea mzigo. Ndiyo maana kijana wa mwezi wa pili anaweza kubeba mfuko bila kutetemeka, halafu ukifika mwezi wa nne bega linagoma kunyanyuka.

Mwongozo huu ni wa fundi mkuu au msimamizi mwenye vijana chini yake, ingawa kijana mwenyewe akiusoma hatapoteza kitu. Hauanzii kwenye "kunja magoti, nyoosha mgongo". Ushauri huo si mbaya, ila mafunzo ya kuinua peke yake hayajaonekana kupunguza maumivu ya mgongo: mtu akishachoka huinama alivyozoea. Kinacholinda mwili ni mambo manne yanayorekebishwa kabla mzigo haujaguswa, yaani uzito wake, kimo ulipowekwa, umbali wake na mwili, na idadi ya mara unazoshikwa.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Saiti nyingi zinajua bei ya kila kitu na hazijui uzito wake. Anza na hivi:

- Mfuko wa saruji: kilo 50.
- Tofali la mchanga na saruji la inchi 6 kwa 9 kwa 18, lisilo na matundu: karibu kilo 30, likiwa bichi huzidi.
- Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege: karibu kilo 48. Ikijaa mota hupita kilo 40.
- Nondo ya mita 12: ya milimita 10 ni kilo 7.4, ya milimita 12 ni kilo 10.7, ya milimita 16 ni kilo 19.
- Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 lenye vipande vinne: karibu kilo 30.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, katika hesabu yake ya kuinua mizigo huanzia kilo 23. Hicho ni kiwango cha mazingira mazuri kabisa: mzigo uko usawa wa kiuno, umekaribia mwili, una mahali pa kushika, hakuna kujipinda, na hauinuliwi mara kwa mara. Kila sharti moja likikosekana, kilo zinapunguzwa. Kwa hiyo tofali la kawaida la saitini limeshapita kiwango kabla hatujasema kwamba liko chini kwenye vumbi na linabebwa na kijana asiyekula asubuhi.

Sasa zidisha. Ukuta wa matofali ya inchi 6 yaliyosimamishwa hula karibu matofali 9 kwa mita moja ya mraba. Mita 10 za mraba ni matofali 90, yaani kilo 2,700. Tofali hilohilo likishushwa kwenye gari, likapangwa, likapakiwa toroli, kisha likapandishwa jukwaani, limeshikwa mara nne. Vijana wawili wamebeba karibu tani 11 kwa ukuta ambao mwenye nyumba anauita mdogo.

Hatua ya 2: Punguza mara za kushika, kisha punguza uzito

Faida kubwa iko kwenye gari la matofali. Dereva hupenda kumwaga pale anapoweza kugeuza, na msimamizi asipokuwepo mzigo wote unabaki kando ya barabara. Amua mapema mahali pa kushushia: mita chache kutoka ukuta unaojengwa, na kama nyumba ina vyumba vingi, gawa mafungu. Kuondoa mshiko mmoja kati ya minne ni kuondoa robo ya kazi ya mgongo, na hakuna mkanda wala zoezi litakalokupa hiyo robo.

Saruji iwekwe juu ya mbao zilizoinuliwa angalau sentimita 15. Wengi hufanya hivyo kuzuia unyevu, lakini inausaidia na mgongo. Lundo lisipite usawa wa mabega ya kijana mfupi kuliko wote. Mfuko haunyanyuliwi, unaburuzwa: sogeza toroli ligusane na lundo, vuta mfuko taratibu mpaka nusu yake iwe hewani, uache ulale ndani ya toroli. Safu mbili za chini kabisa zishikwe na watu wawili. Mfuko ukatwe palepale zege linapokorogwa, usibebwe begani kupita saiti nzima. Aliye chini ya miaka 18 asibebe mfuko hata kama anajitolea. Tanzania na Kenya sheria inakataza kumpa mtoto wa umri huo kazi hatarishi.

Ndoo ni rahisi kurekebisha. Chukua kalamu ya wino mzito au rangi, piga mstari kwa nje kwenye usawa wa lita 10. Zege halipiti hapo. Nusu ndoo ni kilo 24, na kijana anaweza kushika mbili, moja kila mkono, kwa masafa mafupi, mwili ukabaki wima. Ndoo moja iliyojaa upande mmoja humvuta na kumpinda kiunoni kila hatua. Msimamizi atasema kazi itachelewa. Kwa saa ya kwanza ni kweli. Baada ya chakula cha mchana nusu ndoo ndiyo inayoendelea kutembea wakati ndoo zilizojaa zimeanza kutua njiani.

Matofali hayabebwi mawili kwa pamoja. Kama kazi inaruhusu, kwa kuta zisizobeba mzigo agiza matofali yenye matundu. Yanapunguza takriban theluthi ya uzito.

Hatua ya 3: Weka kazi kati ya goti na kifua

Hapa ndipo saiti nyingi huharibu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mtu akiinama mpaka chini, uzito wa kiwiliwili chake mwenyewe unaning'inia mbele ya kiuno. Misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi mno kuzuia asianguke, na diski, yaani vitakio laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, hubanwa upande wa mbele, zikisukumwa nyuma. Ongeza tofali, ongeza kujipinda kushoto kumpa fundi, na umepata mwendo unaochana diski: kuinama na kupinda kwa wakati mmoja, huku mzigo uko mbali na tumbo. Mara moja huenda isilete kitu. Shida ni mara mia tatu kwa siku.

Kwa kazi ya kujenga, fanya hivi. Ubao wa mota usikae chini. Panga matofali matatu, moja juu ya jingine kwa upande wa inchi 9, uweke ubao juu yake. Hapo mota iko karibu sentimita 70 kutoka chini. Lundo la matofali ya kujengea nalo lianzie juu ya safu moja isiyoguswa, ili tofali la mwisho kuchukuliwa liwe chini kidogo ya goti wala si kwenye vidole vya miguu. Kati ya lundo na ukuta acha nafasi ya hatua moja kamili. Nafasi ikiwa finyu, kijana hawezi kugeuza miguu, anageuza kiuno tu.

Kozi moja, yaani safu moja ya matofali ukutani, pamoja na mota ni karibu sentimita 24.5. Kozi ya 5 ikiisha ukuta uko sentimita 122. Kozi ya 6 bado inawekeka, mikono ikiwa kifuani. Kozi ya 7 mikono imeshapita mabega ya mtu wa kawaida, na tofali la kilo 30 linashikiliwa na misuli midogo ya bega ambayo haikuumbwa kwa hiyo kazi. Hata hivyo mafundi wengi hujenga mpaka kozi ya 7 au ya 8 ndipo wafikirie jukwaa, kwa sababu kufunga jukwaa hakulipwi. Funga jukwaa la kwanza baada ya kozi ya 5, sakafu yake iwe na kimo cha sentimita 75 hivi. Kazi inarudi usawa wa magoti na inapanda tena mpaka kifuani. Matofali ya juu yapangwe karibu na nguzo za jukwaa, machache machache, maana mbao zilizobebeshwa kupita kiasi zina ajali yake nyingine.

Kupokezana zege kwenda ghorofani kuna mtu mmoja anayeumia kuliko wote: aliye chini kabisa, anayeinua ndoo kutoka ardhini. Mjengee meza ya matofali yenye kimo cha sentimita 60 au 70, mjazaji aweke ndoo hapo. Wengine wasimame karibu kiasi cha kupokea ndoo viwiko vikiwa vimekunjwa. Mkono ulionyooka ni dalili kwamba mnyororo wa watu unahitaji mtu mmoja zaidi. Kila dakika 20 watu wabadilishane nafasi, na upande wa kupokelea ubadilike.

Hatua ya 4: Beleshi na toroli

Zege la mfuko mmoja kwa uwiano wa 1:2:4 lina zaidi ya kilo 350 za saruji, mchanga na kokoto kabla ya maji. Likigeuzwa mara mbili kavu na mara mbili bichi, mabega yamesogeza karibu tani moja na nusu. Mixa ikipatikana, kodi. Gharama yake iweke kwenye makadirio tangu mwanzo, isiwe hisani ya siku ya zege.

Isipopatikana, chagua beleshi lenye mpini unaofika kati ya kiwiko na kifua mtu akisimama. Mpini uliovunjika ukakatwa ukawa mfupi ndio unaopewa saidia fundi, na ndio unaomkunja. Chukua nusu ya beleshi, kilo 5 hadi 7. Sukuma kwa paja na uzito wa mwili badala ya kuchota kwa mikono. Unapotupa, mguu wa mbele uelekee unapotupia. Kila baada ya kukoroga mara moja, badilisha mkono wa mbele. Mwanzoni ni kero, wiki ya pili mwili unakubali. Koroga juu ya sakafu ngumu au bati, kwa sababu beleshi linalogonga udongo na mawe hurudisha mshtuko wote kwenye kiwiko.

Toroli la lita 60 likijaa zege lina zaidi ya kilo 140, na sehemu kubwa ya uzito huo inapaswa kubebwa na gurudumu. Pakia mbele. Jaza upepo kila asubuhi mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi: tairi laini hugeuza mchanga kuwa mlima. Tandika mbao kwenye njia, na pale njia inapopanda, pakia nusu. Vishikio vilivyochakaa vizungushiwe mpira, kwani kishikio chembamba hulazimisha mkono kubana kwa nguvu siku nzima.

Kazi za mikono juu, magoti chini

Kupiga lipu dari, kufunga jipsamu na kupaka rangi juu huua bega polepole. Mkono ukipita usawa wa bega, kano za juu hubanwa kati ya mifupa na damu huzifikia kwa shida. Inua mtu, usiinue mkono: jukwaa liwe na kimo cha kumfanya afanye kazi mbele ya uso wake, si juu ya utosi. Rola ipewe mpini mrefu. Dakika 10 hadi 15 za mikono juu, kisha kazi nyingine ya chini kidogo. Mwanagenzi asipewe dari siku nzima eti azoee.

Kwa vigae, pedi za magoti si anasa. Kipande cha godoro kilichokatwa vizuri kinasaidia kuliko goti tupu. Kugandamiza goti kwenye zege hufanya kifuko cha maji kilicho mbele ya goti kivimbe. Kuchuchumaa muda mrefu nako hubana gegedu za ndani, kwa hiyo badilisha: goti moja, kisha kigoda kifupi, kisha simama ukakate vigae. Boksi lifunguliwe lilipo, vigae vibebwe viwiliviwili.

Nondo za nguzo na mihimili zisifungwe chini. Tengeneza vijukwaa viwili vya mbao vya sentimita 80 hadi 90, laza nondo juu, mfungaji asimame wima. Nondo za sakafu ya ghorofa haziinuliki, hapo dawa ni kubadilishana: nusu saa kufunga, kisha kukata, kupinda au kuweka vikalio vya kuinulia nondo. Koleo butu hulazimisha kusokota mara tatu badala ya mbili, na kifundo cha mkono kikianza kuuma upande wa kidole gumba ni ishara ya ala za kano (vifuko vinavyozifunika) zilizovimba. Noa au badilisha.

Mashine zinazotetemeka, kama ya kuvunjia zege, vaibreta ya kushindilia zege na grenda, zina hesabu yake. Sheria ya Ulaya inataka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mikono ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba (kipimo cha ukali wa mtetemo), wastani wa saa 8, na inakataza kupita 5. Mashine ya kuvunjia zege yenye mtetemo wa 15 hufika kiwango cha kwanza kwa dakika 13 tu na cha pili kwa dakika 53. Kijana anayeachiwa mashine hiyo asubuhi hadi jioni yuko mbali sana na usalama. Apewe vipindi vifupi, ashike kwa ulegevu akiacha uzito wa mashine ufanye kazi, na diski ya grenda iliyolika upande mmoja itupwe. Ganzi ya vidole inayomwamsha usiku ni sababu ya kumtoa kwenye mashine siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Panga saa na wiki

Usiku diski za mgongo hunywa maji na kuvimba kidogo, na asubuhi huwa ngumu kuinama. Saa ya kwanza ya kazi isiwe ya kuchimba msingi wala kufunga nondo sakafuni. Iwe ya kufunga kamba, kushika timazi na pimamaji, kukagua jukwaa, kutandika njia ya toroli. Mazoezi ya kujinyoosha kabla ya kazi hayana ubaya, ila yasichukuliwe kuwa kinga. Dakika hizohizo ukizitumia kuinua ubao wa mota umepata zaidi. Mkanda wa mgongo nao hauna ushahidi wa kuzuia kuumia kwa mtu mzima wa afya, na humpa kijana ujasiri wa kubeba kilichomzidi.

Kijana mpya wiki mbili za kwanza abebe nusu ya mzigo wa mwenzake mzoefu na apumzike mara nyingi zaidi. Wiki ya tatu na ya nne ongeza kidogo, mzigo au muda, kimoja kati ya hivyo, si vyote. Asilipwe kwa idadi ya matofali katika kipindi hicho. Malipo kwa tofali humfanya aruke maji, aruke mapumziko na abebe mawili mawili, kisha lawama inamrudia.

Mfundishe pia maneno ya kutumia. "Fundi, huu tushike wawili" ni sentensi ambayo lazima ijibiwe kwa mtu wa pili, bila kejeli. Ikikejeliwa mara moja hutaisikia tena.

Hatua ya 6: Maumivu yakianza

Maumivu yanayoisha usingizini ni uchovu. Yanayomkuta asubuhi siku ya pili, mahali palepale, ni taarifa: tafuta ni kazi gani inayoyaleta na ubadilishe kimo au uzito wake wiki hiyo. Andika tarehe, kazi aliyokuwa akifanya na sehemu inayouma kwenye daftari la saiti. Madai ya fidia huanza na taarifa, iwe kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara au chini ya sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, na saiti isiyoandika humwacha kijana mikono mitupu.

Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani ili mtu amalize zege havitibu; vinazima kengele mkono ukiendelea kuharibika, na vikimezwa mfululizo huchuna tumbo na kuumiza figo, hasa kwa anayefanya kazi juani bila maji ya kutosha. Kukandwa kwa maji ya moto hakudhuru mgongo uliokaza. Kuvutwa na kunyongwa mgongo na mtu wa mtaani, wakati mguu una ganzi, kunaweza kumaliza kabisa mshipa wa fahamu uliobanwa.

Hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kesho, kama kuna mojawapo ya haya: ganzi kati ya mapaja au kwenye makalio, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, choo kushindwa kuzuilika, miguu kuishiwa nguvu, au maumivu baada ya kuanguka. Muda wa kuuokoa mshipa wa fahamu uliobanwa hivyo huhesabiwa kwa saa.

Mgongo wa kawaida uliokaza hauhitaji wiki ya kitanda. Siku moja au mbili za kupunguza, kisha kutembea na kurudi kazini kwa kazi za wima: kupima, kukata waya, kuendesha mixa, kumwagilia kuta. Kuinua kurudi baadaye, kuanzia vitu vya kilo 10 vilivyo usawa wa kiuno, halafu nusu ndoo. Mfuko wa saruji uwe wa mwisho, tena kwa watu wawili. Ukimwona anashika kiuno akishuka jukwaani jioni, kesho mrudishe hatua moja nyuma.